Usione Vyaelea: Gari la Peugeot 504 na Familia Zilizolipanda

Wahenga wa mwambao walituachia neno: usione vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakizungumza juu ya majahazi na mashua, lakini neno hilo lafaa pia kwa vyombo vya nchi kavu. Gari linalopita mbele ya nyumba likiwa limebeba baba, mama, watoto na mzigo wa sokoni halikuzuka tu. Kuna watu waliokaa miaka wakilipima na kulichora, kuna wafanyakazi waliolifunga nati kwa nati, na kuna wanunuzi walioamua, kwa pesa zao wenyewe, kama lafaa au halifai.

Katika makala haya tutaliangalia gari moja la familia la ukubwa wa kati, nalo ni Peugeot 504. Lilibuniwa Ufaransa kwa ajili ya familia za Ufaransa, na tuzo yake ya kwanza ilitoka Ulaya. Hata hivyo, hukumu iliyodumu kuliko zote ilitolewa barani Afrika, na sehemu ya historia yake iliandikwa hapa hapa Mombasa. Hatulisimulii kwa ajili ya kusifu chuma. Twalisimulia kwa sababu kisa chake chajibu swali ambalo kila familia inayodunduiza pesa za gari hujiuliza: gari jema ni lipi hasa?

Kutoka kwenye misumeno hadi kwenye magari

Ukoo wa Peugeot ulianza kazi ya chuma mwaka 1810, ulipogeuza kinu cha nafaka kuwa kiwanda huko mashariki mwa Ufaransa. Kabla ya magari, jina hilo lilijulikana majumbani kwa misumeno, baiskeli, na vinu vya kusagia kahawa na pilipili. Hata simba anayeonekana mbele ya magari yao alianza kama alama ya misumeno. Mnunuzi aliambiwa kuwa meno ya msumeno huo ni imara kama meno ya simba, bapa lake hujipinda bila kuvunjika kama uti wa mgongo wake, na kasi yake ya kukata ni kama simba anaporuka.

Mwaka 1929 kampuni ilitoa gari lililoitwa 201, na tangu hapo ikashika desturi ya kuyapa magari yake nambari zenye sifuri katikati. Desturi hiyo iliilinda kama mboni ya jicho. Mwaka 1964 kampuni ya Porsche ya Ujerumani ililazimika kubadilisha jina la gari lake jipya kutoka 901 hadi 911, kwa kuwa Peugeot ilidai haki ya nambari hizo. Katika mpango huo, tarakimu ya kwanza huonyesha ukubwa wa gari na ya mwisho huonyesha kizazi chake.

Kabla ya 504 lilikuwako 404, lililozinduliwa mwaka 1960. Hilo nalo lilikuwa gari la familia, na Afrika Mashariki tayari ilikuwa imelipima. Katika mashindano ya Safari, yaliyokuwa yakifanywa wakati wa Pasaka katika barabara za Kenya, Uganda na Tanzania, 404 lilishinda mwaka 1963, kisha likashinda miaka mitatu mfululizo: 1966, 1967 na 1968. Kwa hiyo wahandisi walipokuwa wakilitayarisha gari jipya hawakuanzia gizani. Walijua ya kuwa magari yao hayaishii katika barabara laini za Paris, na kwamba mteja wa Kiafrika huyapeleka mahali ambapo lami haijafika.

Mambo yaliyowekwa ndani ya chuma

Umbo la 504 lilichorwa katika karakana ya Pininfarina ya Italia, iliyokuwa pia imelichora 404. Mchoraji aliyetajwa kuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo ni Aldo Brovarone. Gari lilikuwa na milango minne, urefu wa karibu mita 4.49, taa za mbele zilizokatwa kwa pembe kama macho yaliyorembwa, na buti lililoteremka ghafla kwa nyuma. Buti hilo lilizua mabishano, kwani wako waliolipenda na wako waliosema limekatika vibaya. Lakini lilikuwa kubwa la kutosha kumeza masanduku ya familia inayosafiri.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa chini, mahali ambapo mnunuzi haoni. Magari mengi ya familia ya wakati huo yalikuwa na ekseli moja ngumu nyuma iliyounganisha magurudumu mawili, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni, la pili hutikisika pia. Katika 504, kila gurudumu la nyuma lilipewa uhuru wake na springi yake, na likaachiwa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Matokeo yake ni kwamba gari liliweza kupita juu ya matuta na mashimo huku waliokaa ndani wakihisi mtikisiko mdogo tu. Viti navyo vilitengenezwa vipana na laini, kwa kuzingatia kwamba mtu anaweza kukaa humo saa sita au saba bila kuumwa na mgongo.

Breki zilikuwa za diski kwenye magurudumu yote manne, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa gari la familia la mwaka 1968. Injini ya petroli ya lita 1.8 ilitokana na ile ya 404, hivyo mafundi waliokwisha kuizoea ya zamani hawakulazimika kujifunza upya. Ililazwa kwa upande ili boneti liwe chini, na sehemu zake nyingi zilifikika kwa mkono na spana za kawaida. Muda mfupi baadaye ikaja injini ya lita 2, na baada yake injini ya dizeli. Dizeli hiyo ilikwenda polepole na kwa kelele, lakini ilitumia mafuta kidogo na ilistahimili kazi ngumu.

Mwaka wa migomo

Gari lilikuwa tayari, lakini Ufaransa haikuwa tayari. Mwezi Mei mwaka 1968 wanafunzi waliandamana Paris, kisha mamilioni ya wafanyakazi wakagoma nchi nzima. Viwanda vilifungwa, petroli ikaadimika, na shughuli zikasimama. Kiwanda kikuu cha Peugeot kilichoko Sochaux nacho kilishikwa na wagomaji waliodai mishahara bora na saa za kazi zenye kiasi. Tarehe 11 Juni, polisi walipoingia kuwaondoa, yalizuka mapambano ambamo wafanyakazi wawili walipoteza maisha yao.

Uzinduzi wa gari ukaahirishwa hadi mwezi Septemba. Twalitaja jambo hili kwa sababu matangazo ya magari huonyesha familia zinazocheka chini ya anga la samawati, na hayaonyeshi jasho la waliotengeneza. Gari hili la starehe lilizaliwa katika kiwanda kilichotoka kuzika watu wake. Na katika miaka iliyofuata, mstari huo wa kuunganishia magari ulitegemea pia mikono ya wahamiaji, wakiwemo wengi kutoka Afrika Kaskazini, waliotuma mishahara yao kwa mama na watoto walioachwa nyumbani. Familia zilizojengwa na gari hili hazikuwa zile zilizolinunua peke yake.

Sokoni Ulaya

Waandishi wa magari walilipokea vizuri. Mwaka 1969 lilipewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Majaji walisifu utulivu wake, ubora wa kazi, uwezo wa kuona nje pande zote, na jinsi lilivyoyameza mabonde ya barabara. Familia zilinunua. Madaktari wa vijijini walinunua. Madereva wa teksi walilipenda la dizeli, hasa baada ya mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani kote na kila shilingi ya safari ikaanza kuhesabiwa.

Wakati huohuo kampuni ilitoa aina yenye ekseli ngumu nyuma na vikorombwezo vichache, kwa bei nafuu zaidi, ili isiwapoteze wanunuzi waliobanwa. Marekani, kwa upande mwingine, gari halikupata soko kubwa. Huko wateja walizoea magari mapana yenye injini kubwa, na vituo vya kulitengeneza vilikuwa vichache na mbali. Hapa twaona fundisho la kwanza: gari lilelile, lenye ubora uleule, laweza kupendwa upande mmja wa bahari na kupuuzwa upande wa pili, kwa kuwa mnunuzi hununua pamoja na gari njia ya kulihudumia.

Hadi uundaji wa gari dogo la abiria ulipokoma Ulaya mwaka 1983, magari ya 504 yaliyotengenezwa yalikuwa yamepita 3,000,000.

Safu ya tatu ya viti

Kwa familia kubwa, habari iliyo muhimu zaidi ilikuja mwaka 1970. Mwaka huo ilitolewa stesheni wagoni ya 504. Wahandisi hawakuongeza kipande cha bati nyuma na kuridhika. Waliurefusha umbali wa magurudumu kutoka mita 2.74 hadi mita 2.90, wakainua paa kwa nyuma, na wakaweka ekseli ngumu yenye springi nne badala ya mfumo laini wa gari dogo. Kisa cha kufanya hivyo ni kwamba mzigo mzito wahitaji mgongo mgumu.

Aina moja ya stesheni wagoni hiyo iliitwa Familiale, yaani ya kifamilia. Ilikuwa na safu tatu za viti, na watu wote walitazama mbele. Katika magari mengine ya namna hiyo, watoto waliwekwa nyuma kabisa wakitazama walikotoka, au wakakalishwa pembeni kama mizigo. Katika 504, mtoto wa mwisho alikuwa na kiti chake halisi. Mama aliyekaa safu ya kati aliweza kugeuka na kumwona.

Wabunifu walifikiria familia ya Kifaransa inayokwenda mapumzikoni. Hawakujua kwamba walikuwa wamechora chombo ambacho kingebeba nusu ya safari za Afrika. Kutoka Senegali hadi Kenya, stesheni wagoni ya Peugeot ikawa teksi ya masafa marefu: abiria wachache, mwendo wa haraka, kila mtu na kiti chake, mizigo imefungwa juu ya paa kwa kamba. Hapa Kenya, abiria hakusema amepanda matatu alipopanda gari hilo, alisema amepanda Peugeot. Jina la kampuni likawa jina la aina ya safari. Wengi walikwenda nalo kuoa, kuzika, kujifungua katika hospitali ya mji mkubwa, na kupeleka watoto shule za bweni.

Mtihani wa Safari

Sifa hii iliongezewa nguvu na mashindano. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Uswidi, akisomewa ramani na Arne Hertz, alishinda Safari kwa gari la 504 la milango minne. Walioshika nafasi ya pili na ya tatu walikuwa katika magari ya Lancia Stratos, chombo cha viti viwili kilichoundwa makusudi kwa mashindano na kupewa injini ya Ferrari. Kwa kasi ya wazi, gari la familia halikuwa na hoja mbele yake. Lakini Safari haikuwa mbio za kasi pekee. Ilikuwa maelfu ya kilomita za vumbi, matope, mawe na mito iliyofurika, na mshindi alikuwa yule ambaye gari lake bado linakwenda. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda tena kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya silinda sita.

Wakati huo ushindi wa Safari ulikuwa tangazo lililopita yote. Mwalimu wa Taita au mfanyabiashara wa Malindi hakuhitaji kusoma jarida la Kifaransa. Aliliona gari likipita mbele ya watu, limejaa matope hadi kwenye vioo, na siku ya pili akaliona jingine kama hilo likiwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya serikali. Alielewa kwamba ni chuma kimoja.

Makasha yaliyoshushwa Kilindini

Baada ya uhuru, serikali nyingi za Afrika hazikutaka kubaki kununua magari yaliyokwisha kutengenezwa. Zilitaka kazi na ujuzi vibaki nyumbani. Nigeria ilifungua kiwanda cha Peugeot mjini Kaduna mwaka 1975, na kwa miaka mingi magari yaliyotoka huko yalitawala barabara za nchi hiyo. Inakadiriwa kuwa magari 425,000 ya 504 yaliunganishwa Nigeria.

Kenya nayo ilijenga viwanda vya kuunganisha magari katika miaka ya 1970, na kimoja kati ya hivyo, Associated Vehicle Assemblers, kiliwekwa Mombasa. Sababu si ngumu kuiona. Magari yalikuja kwa meli yakiwa vipande ndani ya makasha: bati za bodi, injini, giaboksi, milango, taa. Makasha yakishushwa Kilindini, mwendo wa kufika kiwandani ulikuwa mfupi. Huko wafanyakazi waliziunga bati kwa moto, wakaipaka bodi rangi, wakatia injini na nyaya, kisha wakaongeza vifaa vilivyopatikana nchini, kama vile betri na tairi. Kati ya magari yaliyopita katika mikono ya Mombasa lilikuwamo Peugeot 504. Kwa jumla, takriban magari 27,000 ya aina hiyo yaliunganishwa Kenya, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 2004. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini baada ya Ulaya kuliacha gari dogo la abiria. Katika miaka ya mwisho aliyebaki hasa alikuwa pikapu, mtoto wa ukoo huo aliyebeba makabichi, saruji na mbuzi.

Faida ya kiwanda haikuishia kwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, ingawa mshahara huo ulilipa karo na kodi za nyumba. Mtu aliyeshinda mwaka mzima akifunga injini ileile hujua kila bolti mahali pake. Ujuzi wa namna hiyo hauna mlinzi langoni: hutoka na mwenyewe jioni na kuingia katika gereji za mitaani. Gari lilipoharibika njiani, fundi alipatikana, na spea ilipatikana, mpya au iliyotolewa katika gari jingine lililokwisha kufa. Hapa ndipo ilipokuwa siri ya maisha marefu ya 504. Lilidumu kwa sababu lilitengenezwa imara, na pia kwa sababu liliponyong'onyea kulikuwa na mtu wa karibu aliyejua pa kuligusa.

Kasoro zake

Haitakuwa haki kulisifu bila kulikosoa. Bati yake ilishambuliwa na kutu, na sisi wa pwani twajua vizuri upepo wa chumvi hufanya nini kwa bati. Usukani wa magari mengi ya 504 haukuwa na msaada wa mashine, hivyo kulizungusha gari lililosimama mahali pembamba kulihitaji mikono yenye nguvu. Akina mama waliojifunzia udereva kwa gari hilo walitoka jasho kabla ya kutoka kwenye uwanja wa mazoezi. Lile la petroli lilikuwa na kiu, na lile la dizeli lilipanda mlima kwa subira ya ngamia.

Kasoro kubwa zaidi haikuwa ya gari bali ya matumizi yake. Uimara wake ulikuwa kishawishi. Gari lenye viti vya watu saba liliweza kubeba tisa, kumi, na zaidi, bila kulalamika, na wako waliolitwisha hivyo kila siku. Springi zilivumilia. Lakini breki zilizopimwa kwa uzito fulani hazibadiliki kwa kuwa dereva ana haraka, na mwili wa abiria asiye na mkanda hauokolewi na sifa ya kiwanda. Watoto waliopakatwa mapajani ndio waliokuwa hatarini zaidi. Sifa iliyowekwa kwa ajili ya kulinda familia iligeuzwa kuwa njia ya kuiongezea hatari, na nyumba nyingi zililipa gharama ya haraka hiyo.

Jinsi soko lilivyogeuka

Peugeot ilitoa gari la 505 mwaka 1979 ili lishike nafasi ya 504. Lilikuwa gari zuri, na lilipata wapenzi wake hapa nchini. Lakini mambo mawili yalikuwa yakija ambayo hakuna mhandisi wa Sochaux angeweza kuyazuia.

La kwanza lilikuwa Japani. Kwa miaka mingi magari ya Kijapani yalikuwa yakijifunza mtihani uleule wa Afrika: uimara, urahisi wa kutengeneza, matumizi madogo ya mafuta. Mwanafunzi akampita mwalimu, hasa kwa kuwa aliuza kwa bei ya chini.

La pili lilikuwa sera. Katika miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na bandari ya Mombasa ikafunguka kwa magari yaliyokwisha kutumiwa. Japani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wake uko mahali petu. Isitoshe, ukaguzi wa lazima wa magari huko ni wa gharama kubwa, na gari linapozeeka mwenyewe huona heri aliuze kuliko kulilipia tena. Gari ambalo kwa Mjapani limekwisha thamani likifika kwetu laonekana jipya. Serikali baadaye iliweka mpaka kwamba gari lisizidi umri wa miaka minane, lakini mlango ulikwisha kuwa wazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba bandari ileile iliyoshusha makasha ya kiwandani ndiyo iliyoshusha magari yaliyokinyima kiwanda wateja. Tusilaumu upande mmoja tu. Kwa familia nyingi za kipato cha kati, gari la mtumba ndilo lililowawezesha kumiliki gari kwa mara ya kwanza. Mama aliyekuwa akiwaamsha watoto saa kumi na moja kwa ajili ya matatu alipata nafuu ya kweli. Lakini nafuu hiyo ilikuwa na bei yake. Viwanda vilipunguza kazi, vijana walipungukiwa na mahali pa kujifunzia ufundi wa kuunda, na ujuzi uliobaki ukawa wa kubadilisha spea tu. Mwaka 2017 Peugeot ilirudi Kenya na kuanza kuunganisha gari la 508 mjini Thika, mbali na bahari. Lilikuwa gari la kisasa, tulivu na la fahari, lakini bei ya gari jipya ilikuwa juu ya uwezo wa familia ya kawaida iliyozoea mtumba. Nyakati zilikuwa zimekwisha kubadilika.

Kinachofaa kuulizwa leo

Mtu aliyeko sokoni leo hatanunua 504, na hatumshauri afanye hivyo. Lakini maswali yaliyolifanya gari hilo lipendwe hayajazeeka. Aghalabu familia huenda kwa muuzaji ikiwa imeuliza mawili tu: bei gani na rangi gani. Yafaa yaulizwe haya pia, na yaulizwe na mke na mume kwa pamoja, kwa kuwa gari la familia hulipiwa na nyumba nzima hata kama risiti ina jina moja.

Kwanza, nani atalitengeneza? Kabla ya kulipa, nenda kwa fundi unayemwamini, umtajie aina ya gari, mwaka wake na injini yake. Muulize ni mangapi ya aina hiyo aliyoyafungua. Kama hajaona hata moja, gari lako litakuwa darasa lake, na karo utalipa wewe.

Pili, spea zake ziko wapi na ni bei gani? Ulizia vitu vinavyochakaa haraka: pedi za breki, shokabzoba, klachi au giaboksi. Gari la bei nafuu ambalo taa yake moja huagizwa ng'ambo kwa miezi miwili si la bei nafuu.

Tatu, litapita wapi? Anayeishi ndani ya mji ana mahitaji tofauti na anayepita barabara ya mchanga kila siku kwenda shambani. Tazama umbali wa tumbo la gari kutoka ardhini likiwa limepakia watu wote, si likiwa tupu mbele ya duka.

Nne, watakaa wangapi, na kila mmoja ana mkanda? Hesabu watoto, mtumishi na bibi. Kaa mwenyewe kiti cha nyuma kwa muda, ufunge mkanda, uone kama unafanya kazi. Gari la watu watano ni la watu watano hata siku ya harusi.

Tano, kwa mwaka mzima litakula kiasi gani? Jumlisha bima, mafuta, tairi, oili na matengenezo, ugawe kwa miezi kumi na miwili. Kiasi hicho kikigusa karo au chakula, subiri. Na kama gari limetoka ng'ambo, omba cheti cha ukaguzi uliofanywa kabla halijapakiwa melini, ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zile zilizoko kwenye dashibodi. Inua zulia la ndani utazame kutu na dalili za maji, kwa sababu rangi mpya yaweza kuficha mengi.

Maswali haya yote yalikuwa na majibu kwa mwenye 504 wa mwaka 1980. Alimjua fundi wake kwa jina. Spea zilikuwa dukani. Barabara ilikuwa imeshapimwa na Safari. Viti vilikuwa saba na vyote vilitazama mbele. Gharama alizijua kwa kuwa jirani alikuwa na gari kama lake. Kizuri chajiuza, na hilo lilijiuza kwa njia hiyo, kutoka mlango hadi mlango, zaidi ya lilivyouzwa na tuzo ya mwaka 1969.

Baadhi ya pikapu za ukoo huo bado zinakwenda, zimebadilishwa milango na kupakwa rangi mara nyingi, zikibeba mazao kutoka mashambani. Ukilikuta moja limesimama kando ya barabara na boneti limefunguliwa, tazama vizuri. Mara nyingi utamwona mzee ameinama ndani yake, na pembeni yake kijana ameshika spana, akioneshwa.